Hataza ya Kitu Ambacho Kila Fundi Anakijua

Jamani, leo nimekasirika kidogo, mniwie radhi.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliunguza transista tatu jioni moja. Nilikuwa nawasha na kuzima rilei, na kila nikiizima, koili yake inarudisha voltiji kali, transista inaungua. Mwenzangu wa darasani akachomeka dayodi moja sambamba na koili, imeelekea kinyume. Mambo yakatulia. Wala hakuita wakili, maana ujuzi huo umo katika kila kitabu cha elektroniki.

Sasa mtu aifungie dayodi hiyo na transista ndani ya kasha moja, kisha aombe hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze kwa miaka 20. Apewe? Mimi nasema hapana, na Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani inaniunga mkono tangu tarehe 30 Aprili 2007.

Kesi ni KSR dhidi ya Teleflex. Teleflex walikuwa na hataza ya pedali ya gari inayosogezwa, yenye sensa ya elektroniki kwenye mhimili usiosogea. Pedali za namna hiyo zilikuwepo. Sensa zilikuwepo. Hata sensa ya kwenye mhimili ilikuwepo! Mahakama ya rufani ikang'ang'ania, kwa ugumu uliopitiliza, ionyeshwe ni wapi palipopendekezwa vitu hivyo viunganishwe. Majaji wote 9 wakaikatalia: fundi wa kawaida naye ana ubunifu wake, si mashine ya kungoja kuandikiwa.

Najua mtaniambia kwamba jibu likishaonekana kila mtu anajifanya alilijua. Kweli kabisa. Ndiyo maana mwaka 1966 mahakama hiyohiyo iliilinda betri ya Adams, ya magnesiamu na kloridi ya shaba, inayoamshwa kwa maji. Vitu vyake vilijulikana zamani, lakini wataalamu walipoelezwa hawakuamini kama itafanya kazi. Ikafanya. Nileteeni saketi ya kulinda transista iliyowashangaza mafundi hivyo, nitaipigia makofi na miaka yake 20.

Lakini dayodi inayofanya kilekile ilichofanya siku zote? Hapo unamtoza fundi mdogo kwa kile alichojifunza mwaka wa kwanza, na hana pesa za wakili wa kumthibitishia jaji kwamba alikijua.