Wengi Wakinyamaza kwa Pamoja, Tusifute Majina

Kwa takriban miezi saba, hadi Aprili 2021, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma (OVG), mashariki mwa Kongo, kilikaa bila intaneti. Ufadhili ulikuwa umekatika, na vipimo vilivyosimikwa kuzunguka mlima Nyiragongo vikakosa njia ya kufikisha takwimu mjini. Mei 22 mlima ukalipuka. Lava ikateketeza nyumba za Buhene na kuukaribia uwanja wa ndege. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za kawaida, kwa hiyo si haki kuibebesha intaneti lawama yote. Lakini kimya cha miezi ile hakikutoka mlimani. Kilichokatika kilikuwa njia.

Mafundi wa programu za mtandaoni wanaujua mtego huu wa kudhani kuwa aliyenyamaza hayupo. Kampuni kubwa huendesha mamia ya programu kwenye seva nyingi, na kila inayowashwa huandikwa katika kanzidata: jina, anwani, saa. Ikizimwa kwa utaratibu hujiondoa yenyewe. Ikianguka ghafla, haiagi. Jina lake hubaki, na maombi ya wateja yanaendelea kupelekwa mahali pasipo na wa kujibu. Ndiyo maana orodha husafishwa.

Eureka, mfumo uliotengenezwa na Netflix, huitaka kila programu itoe ishara kila baada ya sekunde 30. Zikipita 90 kimya, jina hufutwa. Ila ishara zote kwa jumla zikishuka chini ya asilimia 85 ya zinazotarajiwa, Eureka huacha kufuta: huchukulia kuwa mtandao ndio ulioharibika.

Orodha za wakimbizi wa ndani zinahitaji sharti hilohilo. Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma na kuamuru watu waondoke kambini, kambi za Bulengo na Lushagala zilibomolewa ndani ya siku chache. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakajibana kwa jamaa. Anayehesabu tu waliosimama kwenye foleni ya chakula angeona maelfu ya majina yaliyokufa, kumbe wenyewe wako hai.

Jina moja lililotoweka linaweza kuchunguzwa na kuondolewa. Maelfu wakinyamaza kwa pamoja, ufutaji usimame. Majina yawekwe kando pamoja na tarehe wenyewe walipoonekana mara ya mwisho, wakuu wa kartye na wa vijiji waulizwe, na mama atakayefika na kadi yake ya zamani asiandikishwe upya kana kwamba hakuwahi kukimbia.