MASHAURI KWA MASHOFERE: MUKIVUKA KASUMBALESA

Mukienda konje Zambia na motoka, kuendesha kuume kunaishia Kasumbalesa. Kuanzia Chililabombwe mpaka Kitwe na Lusaka, watu wote wanapita kushoto. Kwenye mzunguko wa barabara unazunguka kama mshale wa saa, na unamwachia njia anayetoka kuume.

Lakini mpakani macho yako wazi, motoka zingine zinakuongoza. Hatari kubwa ni kesho yake asubuhi: unatoka langoni kwa wenyeji, barabara ni tupu, mikono inarudilia desturi ya kwetu. Kwa hiyo mama ao mtoto aliye pembeni aseme kwa sauti: "Baba, kushoto!" Baba asikasirike. Na siku ya kurudia Lubumbashi, mumwambie tena: "Baba, kuume!"