Wimbo Si Kitoweo cha Kusomea

Imezuka desturi katika mabweni yetu huku Uganda, nayo yatetewa hata na baadhi ya walimu wenzetu: mwanafunzi huketi kusoma ufahamu wa Kiswahili, simu kando, visikilizio masikioni, na wimbo wa Kiswahili ukimwimbia. Akiulizwa, hujibu kwamba ajifunza mara mbili. Sisi twasema apoteza mara mbili.

Asomaye kimya hayumo katika kimya. Maneno ya kitabuni huyasikia akilini, akayashika kwa sauti hiyo ya ndani mpaka sentensi ikamilike. Nafasi ya kuyashikia ni finyu mno. Mwaka 1976 Colle na Welsh, wataalamu wa Marekani, waliwaonyesha watu herufi za kukumbuka huku maandishi ya Kijerumani, lugha wasiyoielewa, yakisomwa kando. Wakakosea zaidi kuliko palipokuwa kimya. Mwaka 1989 Salamé na Baddeley wakaona kwamba muziki wa kuimbwa huvuruga kumbukumbu kuliko ala tupu. Ikiwa lugha ngeni huingia bila hodi, seuze lugha ile ile anayohangaika nayo mwanafunzi ambaye bado apima ngeli neno kwa neno!

Watetezi hututajia Mozart. Naam, mwaka 1993 Rauscher na wenzake walieleza kwamba wanafunzi wa chuo kikuu huko California waliomsikiliza kwa dakika 10 walijibu vyema zaidi maswali ya maumbo. Lakini walisikiliza kwanza, ndipo wakajibu. Na faida yenyewe haikuzidi robo saa.

Anayefua au kupiga pasi na aimbiwe, hatuna ugomvi naye. Wala hatujitoi lawamani: tumepata kusahihisha insha redio ikiimba, “kitabu yangu” ikapita bila kuguswa na kalamu nyekundu.

Na wimbo wenyewe je? Mtunzi aliyehangaikia vina na kuficha fumbo hakukusudia kuwa upepo wa feni. Taarabu isiyosikilizwa kwa makini ni mlio wa ala tu, mafumbo yake yakamwagika chini. Wenzetu, tuutengee wimbo kipindi chake. Upigwe mara mbili. Wanafunzi waandike waliyoyasikia, wabishane juu ya neno lililowatatiza, waulize nani anapigwa kijembe na kwa nini. Kisha chombo kizimwe, vitabu vifunguliwe.