Nguvu si Kasi: Leseni na Injini katika Milima ya Meru na Embu

Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa, mnamo mwaka 2008, kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, bodaboda imekuwa mhimili wa usafiri katika Meru na Embu. Miraa ya Nyambene, ndizi za Imenti na muguka wa Mbeere, vyote hupanda pikipiki. Pamoja na manufaa hayo yamekuja majeraha na vifo, na vifo vikazua mapendekezo. Mojawapo ni kwamba injini zipunguzwe nguvu, ili mwenye leseni changa asikabidhiwe chombo kinachomshinda. Nia ni njema. Hata hivyo, pendekezo lenyewe limechanganya dhana mbili ambazo Kiswahili kimezitenga vizuri: nguvu na kasi.

Pendekezo hili lina asili yake Ulaya. Huko, kwa mujibu wa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2013, mwenye leseni ya daraja la A2 haruhusiwi kuendesha pikipiki inayozidi kilowati 35. Akiwa na kubwa zaidi, fundi huipunguza kwa kuziba sehemu ya njia ya hewa, kuzuia mkono wa mafuta usifunguke wote, au kubadilisha programu ya injini. Nchini Kenya, daraja la A1 ni la vipikipiki visivyozidi sentimita za ujazo 50, A2 ni la vinavyozidi hapo, na A3 ni la wabebao abiria na vifurushi pamoja na vyombo vya magurudumu matatu. Juu ya 50, nguvu haina kikomo.

Je, hilo ni pengo? Kwenye karatasi, naam. Lakini bodaboda ya sentimita za ujazo 150 hutoa takriban kilowati 9 tu, chini hata ya kilowati 11 anazoruhusiwa mwanagenzi wa Ulaya. Kuipunguza hiyo ni sawa na kumnyoa mwenye upara.

Isitoshe, Mlima Kenya umekwisha kuipunguza. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ongeza abiria, ongeza gunia, kisha uelekee Maua: pikipiki iliyopunguzwa itakwama katikati ya mpando, lori likiwa nyuma yake. Na mteremkoni je? Mwendeshaji anayezima injini ili aokoe petroli akishuka bonde la Nithi hana hata chembe ya nguvu ya injini, ila kasi yake inatisha. Kanuni ya kilowati haimgusi hata kidogo.

Mafundi wa jua kali wanalielewa jambo hili kuliko watunga mapendekezo. Mteja akilalamika kwamba pikipiki haipandi, fundi humfungia sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Pikipiki huvuta vyema, na kasi yake ya juu hushuka. Hayati John Michuki naye, kanuni zake zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, aliziwekea matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Jina la kifaa hicho lilisema kweli: kilichodhibitiwa kilikuwa mwendo, nayo matatu iliendelea kupanda mlima. Methali zetu pia hukemea haraka, hazikemei nguvu.

Kinachostahili kupimwa ni mzigo na ujuzi. Sheria tayari inamruhusu mwendeshaji abiria mmoja tu. Wanaobebwa watatu watatu hawakuruhusiwa na injini. Mtahiniwa wa A3 katika kaunti hizi ajaribiwe mteremkoni, akiwa na abiria mgongoni, aonyeshe anavyogawa breki ya mbele na ya nyuma, na anavyoiacha gia ndogo imzuie. Maelekezo ya mtihani huo yaandikwe kwa Kiswahili kinachosemwa karakanani. Istilahi zake zipo Makutano na Runyenjes, midomoni mwa mafundi, na mwanafunzi wa isimu anayehangaikia mada ya tasnifu angeweza kuanza kuziorodhesha likizo hii, kabla kamati fulani Nairobi haijaziunda upya.