Daftari Limfuate Mwananchi

Soma makala ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18. Hata hivyo, haki hiyo ina mlango wake, nao ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Raia ambaye jina lake halimo katika Daftari hawezi kupiga kura siku ya uchaguzi, hata kama amezaliwa Karatu, analipa kodi na anajulikana na kijiji kizima. Kwa sababu hiyo, swali la wapi na lini watu wanaandikishwa si jambo dogo la kiofisi. Makala hii inatetea hoja moja: uandikishaji wa wapiga kura usisubiri siku chache za kampeni maalumu tu, bali utolewe mwaka mzima pale ambapo wananchi, hasa wale maskini, tayari wanakutana na serikali yao. Mahali hapo ni kwenye malipo ya TASAF, kliniki ya mama na mtoto, na ofisi ya kijiji au kata.

Tuanze na hali ilivyo. Daftari la Kudumu lilianzishwa mwaka 2004. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika uandikishaji wa kutumia alama za vidole na picha, unaojulikana kwa kifupi kama BVR. Sheria inaitaka Tume kuboresha Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Kuelekea uchaguzi wa mwaka 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilizindua uboreshaji mkoani Kigoma tarehe 20 Julai 2024, kisha ikazunguka mkoa kwa mkoa. Kila kituo kilikuwa wazi kwa siku 7, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Mkoa wa Arusha, zilimo Karatu na Ngorongoro, ulifikiwa Desemba 2024. Mwishowe Daftari lilikuwa na wapiga kura 37,655,559, wakati mwaka 2020 walikuwa 29,754,699. Hiyo ni kazi kubwa, na wanaoifanya wanastahili pongezi.

Lakini idadi kubwa haituambii ni nani aliyeachwa. Siku 7 zinamtosha mtu mwenye makazi ya kudumu, mwenye nauli, na asiye na kazi inayomfunga. Tazama wilaya yetu. Bonde la Eyasi, hasa Mang'ola, linalima vitunguu kwa umwagiliaji, na mashamba yale huvuta vibarua kutoka wilaya na mikoa mingine. Kibarua anayelipwa kwa siku akiacha kupanda ili akapange foleni, jioni hana chakula. Upande wa Ngorongoro, mfugaji huhama na mifugo yake kufuata maji na malisho. Wiki ya uandikishaji inaweza kumkuta mbali kabisa na kituo chake. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na ratiba yao haifuati kalenda ya ofisi. Mjini Karatu kwenyewe wapo mama wanaouza mboga mnadani na vijana wa bodaboda ambao siku moja bila kazi ni siku moja bila kula. Wapo wanaosema kwamba siku 7 zinamtosha yeyote mwenye nia. Wahenga walishawajibu: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nawe mtahiniwa umo katika orodha hii. Ukimaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba, utarudi nyumbani Rhotia, Endabash au Endulen. Baada ya matokeo, huenda ukapangiwa kidato cha tano au chuo katika mkoa mwingine. Asiyechaguliwa huenda akaenda Arusha mjini kutafuta kazi. Kijana wa umri wako huhamahama kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiye ambaye wiki moja ya uandikishaji humpita kwa urahisi zaidi. Sheria inamruhusu hata yule ambaye hajafikisha miaka 18, ilimradi atakuwa ameifikisha siku ya uchaguzi, ajiandikishe mapema. Ruhusa hiyo haina faida kubwa kama hakuna mahali pa kuitumia kwa muda mrefu wa mwaka.

Kuna tatizo jingine, nalo ni mkanganyiko. Oktoba 2024 wananchi waliandikishwa vijijini na mitaani kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Orodha ile ilisimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, na haikuwa Daftari la Kudumu. Wiki chache baadaye ikaja Tume na mashine zake. Mtu wa kawaida angewezaje kujua kwamba kuandikwa Oktoba hakumwingizi katika Daftari la Desemba? Mahali pa kudumu pa kuuliza, panapojulikana na kila mtu, pangepunguza makosa ya namna hiyo.

Je, serikali inakutana wapi na hao wanaoachwa? Jibu lipo karibu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na tangu mwaka 2012 unaendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao umezifikia kaya zaidi ya milioni 1 nchini. Walengwa, wengi wao wakiwa wanawake, hupokea ruzuku kwa vipindi. Sehemu ya ruzuku hiyo ina masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki na wale wa umri wa shule wahudhurie masomo. Maana yake ni kwamba mama wa Baray au Kansay ambaye hakufika kwenye kituo cha uandikishaji anaonana na mtumishi wa umma mara nyingi kwa mwaka. Majina yake yanahakikiwa, na kijiji chake kinajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza swali moja tu: "Mama, umeandikishwa kupiga kura? Ungependa tukusaidie?"

Utaratibu wenyewe hauhitaji miujiza. Si lazima kila zahanati iwe na mashine ya BVR. Mhudumu anaweza kujaza fomu ya awali yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na kijiji, kisha kuipeleka kwa ofisa wa Tume katika halmashauri. Tume nayo ipange siku ya kufika na mashine yake, kwa mfano siku ya malipo au siku ya kliniki ya mkoba, ichukue alama za vidole na picha, na kutoa kadi papo hapo. Tayari Tume imeruhusu wananchi kuanza kuboresha taarifa zao kwa njia ya mtandao na kukamilisha kituoni. Fomu ya zahanati ingefanya kazi hiyohiyo kwa mtu asiye na simu janja.

Wazo hili si geni duniani. Nchini Marekani, Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Taifa ya Uandikishaji wa Wapiga Kura mwezi Mei 1993. Sheria hiyo inayataka majimbo mengi kuandikisha watu wanapoomba leseni ya udereva, na pia katika ofisi zinazotoa misaada ya chakula, matibabu na huduma kwa watu wenye ulemavu. Waliotunga sheria waliona kwamba maskini wengi hawana gari. Kama uandikishaji ungebaki kwenye leseni peke yake, ungewasaidia walio nacho na kuwaacha wasio nacho. Hata hivyo, sheria haikujitekeleza yenyewe. Ofisi nyingi za misaada zilizembea kwa miaka mingi mpaka zikashitakiwa. Katika jimbo la Missouri, mahakama ilitoa amri mwaka 2008, na baada ya hapo idadi ya fomu kutoka ofisi za misaada iliongezeka mara nyingi. Fundisho ni kwamba watu walikuwapo siku zote. Hawakuwa wameulizwa.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano. Katiba yao ya mwaka 2010 inaitaka tume ya uchaguzi kuandikisha raia kwa mfululizo, na tume hiyo imewahi kuandikisha watu katika Vituo vya Huduma, mahali ambapo mwananchi hufuata kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na huduma nyingine chini ya paa moja.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni hofu. Mlengwa wa TASAF akiulizwa habari za kura siku anayopokea fedha, anaweza kudhani kwamba fedha ile ni malipo ya kura yake, au kwamba akikataa kujiandikisha atafutwa katika mpango. Hofu hii ni ya kweli, na ndiyo maana kinga ni lazima iandikwe katika sheria. Mhudumu asitaje chama wala mgombea. Amweleze mwananchi waziwazi kwamba kukubali au kukataa hakutagusa ruzuku yake. Anayekataa asilazimishwe kutoa sababu. Meza ya fedha na meza ya uandikishaji zitenganishwe, na atakayevunja masharti haya aadhibiwe. Sheria ya Marekani niliyoitaja ina makatazo ya aina hii.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sisi wa ukanda huu tunaifahamu. Ukifungamanisha Daftari na huduma, itakuwaje huduma ikiondolewa? Agosti 2024 lilitolewa tangazo la serikali lililofuta kata na vijiji vya Tarafa ya Ngorongoro, wakati mpango wa kuhamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, ukiendelea. Wakazi walikusanyika barabarani kwa siku kadhaa, na miongoni mwa madai yao ilikuwa haki ya kuandikishwa na kupiga kura nyumbani kwao. Mwezi huohuo Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Tukio hili linatufundisha kwamba jina la mpiga kura linategemea jina la mahali. Kijiji kikifutwa kwenye karatasi, mpiga kura naye hutikisika, ingawa boma lake na ng'ombe wake wapo palepale.

Kwangu mimi, tukio hilo halikatai pendekezo hili, bali linaliwekea mipaka. Kwanza, ofisi ya huduma iwe na uwezo wa kupokea maombi tu. Isiwe na uwezo wa kufuta, kuhamisha wala kubadilisha jina la mtu. Kazi hiyo ibaki kwa Tume, tena kwa ridhaa ya mhusika au kwa sababu zilizotajwa na sheria. Pili, huduma iwe mlango wa nyongeza, isiwe mlango pekee. Kampeni za kuzunguka vijijini ziendelee. Mtu akifungiwa mlango mmoja, awe na mwingine.

Hoja ya tatu ni gharama na udanganyifu. Inasemekana wahudumu wa afya wana kazi nyingi, na wasio raia wanaweza kupenya. Ni kweli wahudumu wamelemewa, ndiyo maana kazi yao iishie kwenye fomu fupi. Kuhusu uraia na kujiandikisha mara mbili, mwisho wa yote mwombaji atafika mbele ya mashine ya Tume, alama zake za vidole zitalinganishwa, na wananchi watapata nafasi ya kuweka pingamizi kama ilivyo sasa. Kwa hakika udanganyifu hugundulika kwa urahisi zaidi pale kazi inapofanyika polepole mwaka mzima kuliko pale foleni inapokuwa ndefu na siku zimebaki mbili.

Mpiga kura aliyeachwa nje ya Daftari hana sauti juu ya diwani atakayesimamia barabara ya Mang'ola, wala mbunge atakayezungumzia maji ya Endamarariek au malisho ya Ngorongoro. Na anayeachwa mara nyingi ni yuleyule anayehitaji zahanati, ruzuku na shule kuliko wengine. Serikali inayoweza kumfikia mama wa kijijini ili kuhakiki mahudhurio ya mtoto wake kliniki, inaweza pia kumfikia ili kuandika jina lake katika Daftari. Bunge litunge kifungu hicho, na Tume ikipange. Nawe mtahiniwa, utakapotimiza umri, usingoje gari la matangazo. Nenda kwenye ofisi ya kata ukaulize ni lini na wapi utaandikishwa, na umchukue bibi yako mwende pamoja.

Maswali

1. Mwandishi anatetea hoja gani kuu? Ieleze kwa sentensi moja.
2. Taja makundi manne ya wananchi wa Karatu na Ngorongoro wanaoweza kupitwa na siku 7 za uandikishaji, na ueleze sababu ya kila kundi.
3. Kuna tofauti gani kati ya orodha ya wapiga kura ya Oktoba 2024 na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura?
4. Mwandishi anatumia tukio la Ngorongoro la Agosti 2024 kuweka mipaka gani katika pendekezo lake?
5. Eleza maana ya methali "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa" kama ilivyotumika katika makala.
6. Fupisha aya inayohusu Marekani kwa maneno yasiyozidi 40.
7. Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250 ukikubaliana au kutokukubaliana na mwandishi. Toa angalau hoja tatu na ujibu hoja moja ya upande wa pili.