Saa Tatu za Simu na Saa Tatu Usiku

Jioni moja mwaka jana, mwanamke mmoja wa hapa Shirere alibisha hodi kwangu na kunikabidhi simu yake. "Mwalimu, nisomee hii," alisema, kisha akainamisha macho. Ulikuwa ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mshauri wa afya ambaye hakuwahi kuonana naye, ukieleza matumizi ya tembe za kutoa mimba. Binti wa dada yake alikuwa amekwisha kumfasiria: tembe za pili zitumiwe "baada ya saa tatu." Naye alielewa kuwa angoje mpaka saa tatu usiku ipite. Ujumbe ulikusudia muda wa saa tatu tangu tembe za kwanza.

Tafsiri ile haikuwa na kosa la sarufi. Kiswahili chetu hutumia neno moja kwa muda na kwa majira, na aghalabu mazingira huondoa utata. Kwenye simu, mazingira hayo hayapo. Muuguzi aliye mbele yako angekuonyesha kwa akrabu za saa ukutani.

Nilimwandikia upya, nikamsisitizia mstari wa mwisho: akilowesha pedi mbili kwa saa moja, na hali hiyo ikadumu kwa muda wa saa mbili, akimbilie hospitali. Hapo akaniuliza, "Nikifika huko, nitasema nini?"

Nimefundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuona kiambishi kikibeba mzigo kama huu. Ukisema mimba imeharibika, kauli ya kutendeka haina mtenda. Mgonjwa hupewa pole. Ukisema ameharibu mimba, mtenda amepatikana, na huenda polisi wakaitwa. Damu ni ile ile na tiba ni ile ile. Si ajabu basi kwamba wanawake wengi hukichagua kiambishi hicho kwa uangalifu mkubwa, au hubaki nyumbani wakivuja damu.

Sheria yenyewe inasemaje? Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 hakiruhusu utoaji mimba ila mhudumu wa afya aliyefunzwa akiona kuwa pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Kanuni ya Adhabu nayo ingali na kifungo cha hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu mwaka 2012, ikauondoa mwaka 2013. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kuwa kuuondoa kulikiuka sheria, katika kesi ya msichana aliyenajisiwa, akatolewa mimba kwa njia ya hatari mwaka 2014 na kufariki mwaka 2018. Utafiti uliohusisha wizara hiyo ulikadiria kuwa mwaka 2012 mimba zipatazo 465,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa madhara yake.

Najua wengi wa wasomaji wangu, walimu wenzangu wakiwemo, huamini kuwa uhai huanza mimba inapotungwa. Katiba nayo yasema hivyo hivyo. Simwombi mtu abadili imani yake. Lakini Kifungu cha 43(2) chasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, wala hakiulizi kitenzi kilikuwa katika kauli gani. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2022, lilikubali ushauri wa simu kuwa njia mojawapo ya huduma hii. Madhali simu zimekwisha kuingia vijijini, hapana budi yale yanayoruhusiwa yaelezwe na wahudumu wetu wenyewe, kwa Kiswahili kilichopimwa na watu wa lugha pamoja na wauguzi, badala ya kuachiwa binti wa dada.

Jirani yangu nilimjibu kuwa aseme anavuja damu, na tangu lini. Hakulazimika kwenda.

Muhula uliofuata niliwapa wanafunzi wangu sentensi ile ya Kiingereza waifasiri, bila kuwaambia ilikotoka. Wengi waliandika "baada ya saa tatu."