Vifaa vya Kupiga Mbizi: Mtandaoni au Dukani?

Hapa Nyanchwa bahari iko mbali, kwa hiyo anayepanga kwenda kupiga mbizi Diani hushawishika kuagiza kila kitu mtandaoni. Mimi nasema gawanya. Kompyuta ya mkononi ya kupima kina na muda, agiza tu, ila hesabu na ushuru wa forodha. Nyingi husomwa na Subsurface, programu huria aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2011. Lakini miwani lazima uijaribu usoni, isije ikavuja. Na rigulata, kile kifaa cha kupumulia, kanunue huko pwani: fundi ahakikishe inafunga kwenye mitungi yao, na ndiye atakayeikagua baadaye. Programu ikikwama, unawasha upya. Mita 20 chini ya maji, utawasha nini? Wewe waonaje?